Shangazi Marjun na Kinasa Sauti

Alishuka kwenye feri ya saa nne, Eyðfinnur wa chuo kikuu,
kijana mwembamba, viatu vya mjini,
na kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni.
Akakiweka mezani, kati ya jamu na mkate.
"Nimekuja kukusanya methali," akasema,
"kabla hazijapotea."

Shangazi Marjun alikuwa akihesabu mishono ya sweta.
Akafika kumi na saba, akachanganyikiwa, akaanza upya.
"Zinapotelea wapi?" akauliza.

Mimi nilikuwa namimina kahawa. Nikaona kile kitaa chekundu
kikipepesa, kikinasa saa ya ukutani,
kikinasa sindano zikigongana,
kikinasa kwato za kondoo juu ya paa letu,
maana kwetu Faroe paa huota nyasi,
na nyasi haziachwi bure.

Akamchokonoa. "Huku mnasemaje kuhusu sufu?"
"Sufu ni dhahabu yetu. Hiyo imeandikwa kwenye vikombe,
vinauzwa uwanja wa ndege. Kanunue."
"Na kuhusu subira?"
"Nenda kibandani ukaione."
Akaenda kweli, maskini.
Kule, kati ya mbao zilizoachiana nafasi ili upepo upite,
paja la kondoo lilikuwa linaning'inia tangu Oktoba,
limevaa kuvu kama koti la marehemu.
Akarudi ameziba pua. Hakuandika kitu.

Saa saba. Saa nane.
"Methali si samaki," shangazi akasema,
"useme utaivua uitie chumvi.
Methali ni kofi. Kofi linahitaji shavu.
Ukilipiga hewani unateguka bega."
Eyðfinnur akachangamka, akashika kalamu.
"Hiyo si methali," akamkata. "Hayo ni maneno yangu tu."

Sijui nini kilinituma.
Nikauliza nililolimeza tangu utotoni:
siku ile mashua iliporudi bila mjomba Heini,
watu walisema nini?

Sindano zikasimama.

"Hakuna aliyesema.
Billa wa nyumba ya chini alikuja, akaosha vyombo
ambavyo havikuwa vichafu. Akavipanga. Akaviosha tena.
Methali ni za kondoo, na za hali ya hewa.
Kwa yale mengine
tunachemsha maji."

Kitaa kilikuwa bado kinapepesa.
Eyðfinnur akanyoosha kidole, akakizima.
Ndipo nilipompenda kidogo.

Jioni upepo uligeuka, ukaja kutoka mlimani.
Akaaga. Akafungua mlango wa gari kwa mkono mmoja,
mwingine umekumbatia daftari na kile kidude,
na upepo ukamnyang'anya:
bati likalia, mlango ukapinduka hadi kwenye taa ya mbele,
ukabaki umening'inia kama bawa la ndege aliyepigwa jiwe.

Shangazi alikuwa amesimama kizingitini, sweta mkononi.
Wala hakutafuta neno. Lilimtoka lenyewe,
kama chafya:
"Mlango wa mkono mmoja, mwenyewe ni upepo."

Kijana akageuka, mvua inamtiririka usoni.
"Rudia, tafadhali! Sikuwa nimewasha!"
"Mpaka uje na gari jingine," akajibu, akaingia ndani.

Tuliufunga ule mlango kwa kamba ya kondoo,
fundo mbili za kwangu, moja mbovu ya kwake.
Akaendesha hadi gatini polepole, kama anayesindikiza jeneza.

Kitabu kilitufikia baada ya miaka mitatu, jalada la bluu.
Niliitafuta. Ukurasa wa tisini na sita.
Kaikosea: kaandika ati upepo una mikono mingi kuliko mlango.
Nikakasirika, nikataka kumwandikia barua.

Shangazi akanyanyua miwani, akasoma, akasoma tena,
akakiweka kitabu chini ya mguu mfupi wa meza,
meza ikatulia.
"Mwache," akasema.
"Mlango aliulipia yeye."