Grosi

Huko Jablonec, mji wa vioo chini ya milima,
vifungo havihesabiwi kimoja kimoja.
Ni kwa grosi: dazeni mara dazeni,
mia moja arobaini na nne,
vimeshonwa kwenye kadi za kijivu, safu kwa safu.

Bi Zdislava Hrubešová ameviandikia hesabu
miaka thelathini na mmoja.
Akiinua kifuko kwa mkono tu
anajua kimepungukiwa viwili.

Programu ya zamani ilikuwa ya kukodi.
Kila Januari bei ilipanda ngazi,
na mwaka ule walipochelewa kulipa siku tisa
ikafunga daftari zima:
wadeni, mteja wa Lyon,
mishahara ya wanawake sita wa tanuruni,
vyote nyuma ya kioo, unaviona, huvigusi.
Nguo ya kuazima, walisema wahenga,
haisitiri kile hasa unachotaka kukisitiri.
(Lugha yangu inacheka hapa: kifungo cha shati
na kifungo cha jela ni neno moja.
Kicheki hakina utani huo.
Zdislava hakuuhitaji.)

Jumamosi moja akaja mpwa wake, Vojtěch,
na flashi mfukoni, akaweka programu huria.
"Ni ya bure?" aliuliza mwenye karakana, mzee Skřivánek.
"Ni huru. Bure ni jambo jingine.
Hulipi, lakini ikiharibika usiku
hakuna wa kumpigia."
Mzee hakupenda. Wanaume wa rika lake
hununua namba ya simu;
programu ni nyongeza.

Ikaenda vizuri hadi ankara ya kwanza.
Ilijua kipande, kilo, mita, saa.
Grosi haikuijua.
Ikagawa, ikakadiria, ikajumlisha tena,
na Lyon, walioagiza grosi arobaini,
wakaandikiwa thelathini na tisa na robo tatu.
Robo ya grosi imeyeyuka
bila tanuru.

Ile ya kukodi ungeiandikia malalamiko
ukangoja Januari.
Hii ilikuwa wazi hadi utumbo.
Vojtěch akaufungua msimbo kama saa ya babu,
na Zdislava, ambaye hakuwahi kuona msimbo maishani,
akavaa miwani, akafuata mistari
kwa ncha ya penseli juu ya skrini
(Vojtěch akiuma meno)
kisha akasema: Hapa.
Hapa ndipo anapotupa masalio.

Wakatuma marekebisho, mistari kumi na mmoja.
Jibu likatoka Recife, saa nane za usiku za huko,
kwa Aderbal Quintela, mtunzaji wa programu,
ambaye mchana huuza matairi.
"Grosi ni nini?"

Alimwandikia ukurasa mzima.
Kadi za kijivu. Bibi yake aliyeshona mia kwa saa.
Jinsi kifungo kimoja kikikosekana
koti zima hurudishwa.

"Nimeelewa. Nimeingiza," alijibu.
"Masalio yale niliyatupa mimi,
mwaka ambao binti yangu alilazwa.
Nilikuwa nikiandika kwenye benchi la wodi.
Miaka saba hakuna aliyeona."

Mwezi wa nne, muuza mwani wa Wando, Korea,
anayeita majani mia kwa jina moja,
akaichukua mistari ileile kumi na mmoja,
akabadilisha namba, akaendelea na biashara yake.
Habari za vifungo hakuzisikia kamwe.

Skřivánek bado anaulizia namba ya simu.

Desemba, Zdislava akafunga kifurushi kidogo:
grosi moja, buluu ya chupa ya dawa.
Forodha ya Brazili ikamtoza Aderbal
kuliko vifungo vyenyewe vinavyogharimu.
Alilipa. Akaketi kati ya matairi,
akavimwaga kwenye kifuniko cha sanduku, akavihesabu,
akavihesabu tena.

Mia moja arobaini na tano.