Mizani ya Asali

Matevž ameleta magurudumu mapya
amezungushia blanketi kama vichanga mapacha:
magnesiamu iliyofuliwa, rangi ya moshi,
kwa bei ya ng'ombe wawili na ndama.
"Pikipiki itageuka kama wazo," akasema.
Nami, ambaye mawazo yangu hugeuka
kama lori la magogo kwenye daraja la Martuljek,
nikaenda kuchukua mizani ya baba.

Ni mizani ya asali, sahani yake ingali inanata.
La zamani la mbele, tupu, bila tairi:
kilo tano kasoro kidogo.
Jipya: tatu na nusu.
Mshale ukasita, ukatulia.
Nyuki mmoja akaja kuhakikisha.

Nikamshikisha ekseli ya lile la zamani, mikono miwili,
nikalivurumisha kwa kiganja.
"Sasa liinamishe."
Likagoma. Likamsokota viwiko.
"Likishaanza safari halipendi kuambiwa," nikasema,
"na gramu iliyo ukingoni, huko kwenye tairi,
hubisha kuliko gramu iliyo kitovuni."
Kisha jipya. Nalo lilibisha,
ila kama mtoto aliyekwisha kusinzia.

Akapanda Vršič, tairi mpya juu ya rimu mpya.
Akarudi baada ya saa mbili, kofia kwapani,
akisimulia kona kwa mabega:
"Sikuigeuza, Zofka. Niliitazama kona tu."

Kipya kinyemi.
Mimi nilikuwa natazama alichokisahau mlangoni:
tairi zake za zamani, vipara katikati,
zimesagwa bapa na barabara kuu ya Ljubljana.
Basi anayesifiwa ni nani,
rimu au mpira?

Jumapili nikaiazima pikipiki.
Tairi zile zile mpya nikazivisha rimu nzito,
upepo nikaupima mara mbili.
Theluji ya mwezi wa tano ilikuwa bado pembeni, chafu,
imejikunyata kama kondoo.
Kona ya kwanza, ya pili, ya tano:
sifa za Matevž zikanipokea moja moja,
na magnesiamu iko nyumbani chini ya blanketi.
Karibu sifa zote.

Nikashuka, nikabadilisha, vidole vikinuka sabuni ya tairi.
Nakiri: nilijua ninachokipanda,
na anayejua huhisi anachokitaka.
Lakini kwenye kona zilizotandikwa mawe,
mawe madogo yaliyolowa,
gurudumu jepesi lilishuka kila shimo, likapanda kila nundu,
kabla springi hazijaamka kulalamika.
Viganja vyangu vyenye baridi yabisi vikashukuru.
Hilo sikulitunga.

Na pale karibu na kikanisa cha mbao,
kulia kwenda kushoto,
pikipiki ililala kabla sijamaliza kuiomba,
mapema mno, ukingo ukanijia usoni,
nikamtukana Matevž pamoja na ukoo wake.
Kileleni, upepo wa ubavuni;
usukani ukaanza kunong'ona mikononi.
Lile zito lingenyamaza.

"Enhe?" aliuliza Jumatatu.
"Robo tatu ya furaha yako ni mpira na upepo sahihi.
Robo moja ni kweli."
Akafikiri, akijikuna kidevu.
"Robo yenyewe nzuri?"
"Nzuri."
Akalipa, akaondoka na robo yake,
na mlio ukasikika mpaka kona ya tatu.

Yale ya zamani ameniachia.
La mbele nimelitundika kwa ekseli yake juu ya meza ya kazi.
Jioni nikishanawa grisi hulipiga kofi moja,
namimina kahawa, natia asali, nakoroga,
nanywa taratibu hadi machicha.
Linazunguka bado.