Daftari la Vipimo

Mimi ni fundi wa sare, soko la Jericho,
kibanda cha pili ukishampita muuza mkaa.
Uganga sikusomea. Nimesoma miili:
bega linalopanda, nyonga inayojibu,
mikono inayoziacha nyuma shati zake kila Januari.
Kila msichana ana ukurasa wake
na penseli yangu haijui kupendelea.

Kerubo, kidato cha kwanza:
kifua thelathini, kiuno ishirini na tano,
shingo kumi na mbili na nusu.
Hakutulia. Nilimpima
kama mtu anayempima kuku aliye hai.

Mwaka uliofuata alisimama mbele yangu
kama nguo iliyotundikwa.
Ilikuwa Februari, jua linakaanga mabati,
naye kavaa sweta, na chini ya sweta, sweta.
"Unasikia baridi?"
"Kidogo, fundi."
Sauti imekwaruza,
mkasi mzuri uliokatiwa karatasi.

Mama yake akanivuta nyuma ya cherehani.
"Pima kiuno," akanong'ona. "Pima vizuri.
Miezi mitatu hajaniomba pesa za pedi.
Niambie wewe, kabla baba yake hajajionea."
Mwalimu kaandika kwenye ripoti: *mvivu, hulala darasani.*
Shangazi kasema ni simu.
Jirani kasema ni mvulana wa Ofafa, amemtaja na jina.
Kila mtu alikuwa ameshamshonea vazi lake,
na hakuna hata moja lililomkaa.

Nikapima.
Kiuno pale pale, labda nusu inchi, ya ugali.
Urefu wa sketi pale pale,
na hapo ndipo penseli iliposita:
msichana wa miaka kumi na minne,
mwaka mzima,
hajala hata upindo.

Kisha kifungo cha juu.
Kiliona tundu lake kwa mbali, hakikulifikia.
Shingo: kumi na nne.
Tepu ya kitambaa huvutika ikizeeka, huenda ndiyo mwongo.
Nikachukua mpya, ile niliyoificha wanagenzi wasiiguse.
Kumi na nne.

"Inua kidevu. Meza mate."
Kitu kikapanda kooni, kikashuka,
kipana, laini, hakina haraka,
kipepeo aliyeshonewa ndani ya bitana.

Nyumbani kwetu waliita rovu.
Mama mkubwa alilifunika kwa mtandio,
sisi tukausifu mtandio.

"Mama Kerubo," nikasema, "kiuno hakina kesi.
Nguo ikibana mahali pamoja tu, usiilaumu nguo nzima.
Huyu hajakataa kusoma. Mwili ndio umemzimia moto."
Alitazama chini, kwenye vipande vya kitambaa,
kama aliyeangusha sindano.

Kola sikuipanua.
Ningeipanua, mia mbili ningeipata,
na lile jambo lingepata nafasi ya kukaa.
Nikachana karatasi ya patani, nikaandika
shingo mbili na tarehe zake mbili:
*Nendeni Mama Lucy. Waambieni wamwangalie tezi,
wampime damu.*
Mwandiko wangu mbaya. Nilirudia "tezi" kwa herufi kubwa.

Agosti, Nairobi yote imejikunyata,
Kerubo akaja na sweta moja, tena kaifunga kiunoni.
Kidonge kimoja cheupe kila alfajiri, kabla ya chai.
Anasema kinamkera, anasema hata Jumapili hakipumziki.
Alibishana nami kuhusu bei.
Nilifurahi, ingawa sikupunguza.

"Teremsha upindo," mama yake akasema,
na la ziada hakusema,
ila alinunulia wanagenzi wangu soda.

Shingo kumi na tatu na robo.
Haijarudi. Naandika kwa penseli.

Siku hizi kila anayesimama hapa
namwambia ainue kidevu, ameze mate.
Wanacheka.
Jana mmoja, Khavere, sketi inamdondoka
na anakula, anasema, sahani mbili mbili,
vidole vyake vikitetemeka juu ya zipu.
Nimefungua ukurasa wake wa mwaka jana.
Nautafuta.