Paa la Kuinuliwa

Asubuhi ya Machi, Elko, Nevada.
Theluji chafu imeegemea uzio,
na vijumba viwili vinatungoja juu ya miguu ya chuma,
kila kimoja kinatamani mgongo wa pikapu yetu.

Kimoja kifupi, kimejikunja,
kobe aliyevuta shingo ndani.
Ukilisukuma paa linapanda, kuta za turubai zinanyooka,
na kumbe ndani mna chumba.
Kingine kimesimama wima tangu kiwandani, kuta ngumu,
kitanda kimetokeza mbele kama paji la uso la mtu mkaidi.

Thayne muuzaji anaugonga ukuta kwa pete yake: ko, ko, ko.
"Umesikia, mama? Hapa hata dubu atabisha hodi."

Delbert anacheka. Delbert hucheka akitaka kitu.
Bega lake la kulia lilipasuliwa Oktoba,
na usiku hulala na mashine inayompulizia pumzi.
Anataka ukuta. Anataka choo, na mlango wenye ufunguo,
asimame kituo chochote cha mafuta, upepo ukivuma,
azunguke nyuma, aingie, alale,
asiinue kitu.

Mimi nataka turubai.
Nikiulizwa sababu namtaja babu Ganix,
aliyetoka milima ya Wabaski akachunga kondoo wa watu
miaka kumi na minane ndani ya gari la kukokotwa,
jiko la bati, paa la turubai,
akachonga jina lake kwenye magome meupe huko juu.
Miti imenenepa, na herufi zimenenepa nayo.

Lakini babu mwenyewe alilichukia turubai lile.
Alipopata fedha alijenga kwa matofali,
akafunga madirisha, akawasha redio.
Kwa hiyo sina sababu.
Nataka turubai.

Delbert anafungua mlango wa pikapu, anavaa miwani,
anasoma kibandiko: mwisho wa mzigo, ratili elfu moja na mia tisa.
Kile kigumu ni elfu tatu,
bila maji, bila sisi, bila mbwa.
"Utaongeza springi," anasema Thayne, "utabadilisha matairi.
Au leta hiyo, nikupe kubwa zaidi."
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Pikapu ilikuwa ya baba yake.
Juu ya mlango, pale kiwiko kilipokaa miaka, rangi imelika.
Delbert anaweka kiwiko chake hapo hapo
na kwa muda mrefu hasemi kitu.

Juni, bonde moja la milima ya Rubi.
Nalisukuma paa kwa mgongo, nimechuchumaa kitandani,
yeye yuko nje, mkono mmoja kwenye komeo,
ananihesabia: moja, mbili, haya!
Kuhesabu tu ndiko alikobakiwa nako, na anahesabu kwa sauti kubwa.

Usiku mashine inavuta, inatoa.
Turubai linavuta, linatoa.
Sijui ni ipi iliyoniamsha.

Alfajiri jalidi imelikamata turubai, halikunjiki.
"Na kile kingine," anasema Delbert,
"sasa hivi tungekuwa njiani kwenda Waioming."

"Kweli," nasema.

Namimina kahawa. Mbwa anamlalia miguuni.
Jua liko kileleni bado, linashuka mwamba kwa mwamba,
nasi tumekaa tunalitazama
kama watu wanaomsubiri fundi.