Ombi la Namba

Fomu imeuliza jina la kampuni.
Tulikaa kimya, watu watatu,
juu ya mashine ya kusaga, Mabibo,
kila mmoja akimtazama mwenzake
kama daftari la mchango wa harusi limefika mkononi.
Mwisho Nasikiwa akaandika: hatuna.
Akaweka nukta, akaifuta, akairudisha.

Kazi yetu inaitwa Ndoo.
Inachota habari kwenye tangi la maji la Goba
(limebaki robo, pampu imekufa, mita imeruka)
inaipeleka Kimara, Vingunguti, popote penye anayesikiliza.
Si kitu kikubwa. Mistari elfu tatu na ushei,
iko wazi, asome atakaye, arekebishe awezaye,
na kuna kijana wa Tukuyu hatujawahi kumwona sura
hututumia masahihisho usiku wa manane
na hajawahi kuomba hata vocha.

Kila habari hugonga mlango,
na kila mlango una namba.
Yetu tuliiokota.
Siku ile ilikuwa Sabasaba, mji mzima uko viwanjani,
Hamduni akasema: basi iwe saba, saba, saba, saba.
Tukacheka, tukahamia.
Hakuna aliyepima, hakuna bikoni.
Tulijenga kama watu wanavyojenga bondeni,
msingi leo, bati mwezi ujao,
tukijiambia serikali ikija itakuta watoto wameshazaliwa.

Miaka miwili.
Kisha mita za Goba zikaanza kusema lugha tusiyoijua.
Maneno ya watu wengine yanaingia sebuleni kwetu bila hodi,
na hodi ya nini, mlango ulikuwa wao.
Waliandikishwa zamani,
mimi sijajua hata kushika kipanya.
Nikakumbuka X nyekundu ukutani kwa shangazi, Jangwani,
rangi ikichuruzika,
naye chini yake anageuza chapati.

Ndiyo maana ya fomu.
Ukurasa wa pili: eleza kwa nini mnastahili namba yenu wenyewe.
Hamduni alitaka tuandike kwa hasira.
Nasikiwa akasema hasira haina kisanduku chake hapa.
Tukaandika kwa Kiingereza cha suti, usiku kucha,
unga ukipenya mbao za sakafu,
ukitua kwenye vitufe, kwenye nyusi,
hata alfajiri ikatukuta wazee watatu.

Mimi nilisubiri kuambiwa njoo kesho.
Nilisubiri lile neno dogo, ya soda.
Nimezaliwa Dar, najua faili hupotea likiwa na njaa.
Aliyejibu aliuliza maswali mawili tu:
ujumbe ukikatika njiani mnafanyaje?
Na ninyi mkichoka, nani ataitunza?
La kwanza tulilijibu kabla chai haijapoa.
La pili lilikaa siku nne.
Yule wa Tukuyu ndiye aliyeandika, neno moja:
nipo.

Namba imekuja Jumanne, umeme umekatika,
tukaisoma kwenye simu yenye asilimia sita.
Tarakimu tano, haina mwangwi, haina sikukuu.
Bure. Hakuna muhuri.
Jina la Nasikiwa pembeni yake,
orodha moja na makampuni
ambayo majengo yao yana lifti.
Hakuna aliyeshangilia. Hamduni alishaanza kuhesabu:
mita mia mbili na kumi na nne, kubadilisha moja moja,
Goba, Kimara, Salasala,
na ile ya Chanika ambayo mwenyewe ana mbwa.

Kesho yake umeme uliporudi nilishuka na chaki.
Nikaiandika ukutani kwa Mama Tumwesige, nisije nikaisahau,
chini ya Sembe, chini ya Dona.
Mteja akatua debe lake la mahindi,
akaisoma, akairudia kwa sauti, akakunja uso.
Hii nayo bei ya nini?

Mama Tumwesige hakuzima mashine.
Ya hao wa juu, alipiga kelele. Usiifute.