Upande wa Pili

Mwanangu ameuvuta wimbo ule kwenye simu,
safi, umeogeshwa, hauna hata chembe ya vumbi la Ondiek.
Dakika ishirini na mbili. Kinanda kinaingia polepole
kama mtu anayetafuta viatu gizani.

Santuri Ogweno aliinunua mwaka wa sabini na tatu
kwa Mhindi aliyekuwa anahama, akiuza hata mapazia.
Jaladani, mlima unaelea, na samaki anapanda ngazi.
Majirani waliuliza: huu muziki unaanza saa ngapi?
Hauchezeki. Ngoma inahesabu saba,
mguu unabaki juu, haujui pa kutua.
Mama tu ndiye aliyeuweza, akipepeta wimbi:
ungo mara nne, kisha mara tatu,
wala hakuinua macho.

Halafu baba akaipiga meza teke. Ilikuwa habari ya karo.
Tangu siku hiyo gitaa lilipanda, likakwama,
likapanda, likakwama, likapanda,
hadi mmoja wetu ainuke akasukume sindano kwa kidole.
Tulikuwa tukibishana zamu ni ya nani.
Aliyeinuka, mara nyingi, ni Ogweno.

Sasa nangoja pale.
Gitaa linapanda.
Halikwami. Linapita, linafika juu kabisa,
na huko juu kuna filimbi,
filimbi nyembamba, muda wa pumzi mbili,
ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuisikia.
Ogweno yuko Seme, chini ya saruji, mwaka wa tisa.

“Mama,” mwanangu ananiuliza, “mbona umesimama?”