Siagi ya Mansikki

Muuguzi alikuja akisukuma sleji,
akamtoboa Kauko kidole mezani petu,
na wiki ya pili akarudi na tarakimu
asizotaka kuzitamka mbele ya mkate.

Lehemu, alisema. Inaganda mishipani
kama maziwa ya jana kwenye kingo za ndoo.

Kauko akacheka. Miaka thelathini anakama,
siagi yetu inafika hadi Joensuu,
leo ng'ombe wake mwenyewe amgeuke?

Sikucheka. Nilikuwa natazama, dirishani,
rundo la kuni aliloliacha nusu mdogo wake Toivo,
shoka limeng'ata gogo.
Arobaini na miwili. Hata kahawa yake haikuwa imepoa.

Basi nikakificha kibakuli.
Nikapika samaki wa ziwani kwa mafuta ya mbegu,
uji wa shayiri nikautia beri.
Alininunia hadi Pasaka.

Juzi nimemkuta zizini,
paji la uso ubavuni mwa Mansikki,
ananong'ona kama mtu atoaye talaka:
si wewe, mama. Ni damu yangu.

Halafu akaja mezani,
akavunja mkate mkavu, akatafuna, akanitazama.
Chumvi, akasema.

Hiyo nayo imo kwenye karatasi.